Nilivyomnasa mwizi wa magunia ya dagaa kwa kompyuta, na nilivyokaribia kumfukuzisha mlinzi bure

Mimi ni fundi kompyuta tu hapa Kirumba, Mwanza, sio polisi. Mama mmoja mwenye stoo ya dagaa pale mwaloni alikuja analia hela ya kununulia mzigo inavuja, akaniachia laptopu ya ofisi. Kuna jamaa yangu aliyesomea mambo haya akaniambia we washa tu, fungua mafaili uangalie. Usimsikilize mtu wa hivyo!! Ukiwasha tu mashine inaanza kuandika vitu vyake na tarehe zinabadilika. Nikachomoa diski, nikatoa kopi nzima kwenye diski ya nje (laki na kitu hivi), hashi za SHA-256 (namba za kuhakikisha kopi ni sawasawa na diski yenyewe) zikalingana, ndo nikaanza kuchimba kopi kwa Autopsy, programu ya kuchunguza diski ambayo ni ya bure.

Yakarudi mafaili ya ekseli yaliyofutwa, ya miaka mitatu. Nikayamwaga kwenye Python (lugha ya kuandikia programu), nikaiachia mashine iyapange makundi kwa muda yaliyobadilishwa. Aisee kundi moja likatoka safi kabisa, 04:10, 04:15, yaani saa kumi usiku, na saa hiyo stoo nzima yuko mlinzi peke yake. Nikampigia mama usiku uleule kichwa kimevimba, "mama, mwizi nimempata." Akanyamaza, halafu akasema, "mwanangu, yule mzee hata simu ya batani inamshinda."

Iliuma. Nikarudi mezani, kumbe wakati wa kuingiza kopi niliulizwa saa za eneo mimi nikabonyeza endelea endelea, ikabaki UTC (saa za kimataifa), na sisi tuko masaa matatu mbele. Hiyo 04:10 ni saa moja na dakika kumi asubuhi, mpwa wake mama ndo anafungua ofisi. Mtu mzima nimeshindwa kujumlisha tatu!

Ila kufungua faili asubuhi sio wizi. Nikalinganisha yaliyofutwa na yaliyobaki mstari kwa mstari, ikatoka mistari ya magunia yaliyoongezwa baadaye. Nikapanga kwa siku za wiki, hamna kitu, kwa mwisho wa mwezi, hamna kitu. Nikahesabu siku kati ya rundo moja la mistari hiyo na lingine: 29, 30, 29, 30. Mtoto wa ziwani nikacheka peke yangu. Mbalamwezi! Dagaa wanavuliwa kwa taa, mwezi ukiwa mpevu mitumbwi inalala ufukweni, mama anaenda zake Magu, na huku kwenye ekseli magunia hewa yanaingia kama mvua. Nikaoanisha na kalenda ya mwezi, karibu mistari yote ikakaa humo. Programu haijui hilo, inabidi uwe umekulia huku.

Mpwa alipoonyeshwa grafu hakubisha, aliuliza tu nani kaniambia habari za mwezi. Malipo yangu nusu taslimu, nusu dagaa. Mlinzi naye kila nikipita ananimiminia kahawa, ananiita mtaalamu, mi naipokea huku naangalia pembeni.