Bahasha ya siku tatu
Jamani leo nimetoka kujitolea moyo umenijaa. Kila Jumamosi nakaa na watu waliokimbia kwao wakaomba hifadhi ya ukimbizi, wanaosubiri majibu, wengine huu mwaka wa pili, na mambo ya sheria tunawaachia mawakili, mi nasaidia kusoma barua, kupanga makaratasi, kuwakumbusha tarehe ya intavyuu maana ukiikosa bila sababu kesi inaweza kufungwa hivi hivi.

Leo kaja mama mmoja na bahasha imekunjwa mara nne, kaibeba siku tatu hajaifungua, mikono inamtetemeka. Tukaifungua pamoja. Kumbe ofisi inayoshughulikia ombi lake ilitaka anwani yake mpya tu! Akanyamaza wee, halafu machozi, nikamshika mkono basi. Jibu tukaliandika palepale, nakala akaiweka kifuani.

Na wanaosema hawa wavunja sheria, kuomba hifadhi ni haki jamani, na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 33, unakataza kumrudisha mkimbizi kule maisha yake yako hatarini. Ila kinachowamaliza hasa ni kule kutojua, unaamka hujui, unalala hujui.

Jumamosi ijayo anakuja na mwanae, ana fomu ya shule.