Kijiko, utepe na sufuria: siku moja maishani mwangu Njombe

Saa 11 alfajiri

Baridi ya Juni huku Njombe haina huruma. Nafungua mlango wa jikoni na kukuta nyasi za uani zimekuwa nyeupe kwa sakitu, umande ulioganda. Nakoka moto na kubandika maharage niliyoyaloweka tangu jana jioni. Yakilala ndani ya maji yanaiva mapema, yanaokoa kuni, na hayamjazi mtoto gesi tumboni. Yatahitajika saa 5 mbele ya kina mama wa kijiji kizima.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na leo ni Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, ile tunayoiita SALIKI. Huja kila baada ya miezi 3. Tunawapima watoto, tunazungumza na wazazi, halafu tunapika pamoja.

Sufuria ya pili ni uji wa wanangu. Natumia dona ya mahindi tu, maziwa kidogo, na karanga nilizozichambua moja moja jana nikazitwanga. Natamani kila mama alijue hili. Madukani kuna unga unaoitwa wa lishe, ndani yake mahindi, mtama, ulezi, mchele, ngano, soya na karanga vimesagwa pamoja. Mama anauona una vitu 7, anaamini amemaliza kazi. Lakini nafaka 5 zikichanganywa bado ni nafaka, kundi lile lile moja. Karanga nazo zikikaa wiki kadhaa ndani ya unga mafuta yake huharibika, na zikiwa zilihifadhiwa kwenye unyevu huota ukungu wenye sumukuvu. Sumukuvu si hadithi: mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Kwa hiyo saga nafaka moja, karanga zitie wakati wa kupika.

Saa 1 asubuhi

Kitinda mimba wangu ana miaka 4 na hapendi mboga za majani. Anazitoa moja moja kwa vidole na kuzipanga ukingoni mwa sahani. Zamani ningemfokea, au ningemwahidi biskuti akimaliza. Sasa namwekea kidogo tu, nami nakula za kwangu mbele yake, naendelea na maneno mengine. Wiki iliyopita alionja chainizi, akatema, akaonja tena. Kwangu hiyo ni hatua. Mtoto huhitaji kukutana na chakula kipya mara nyingi kabla hajakikubali, na mama akikata tamaa siku ya tatu anakuwa amewahi mno.

Dada yake ana miaka 11 na darasani kwao ndiye mfupi kuliko wote. Mwanangu huyo alidumaa, nami nalisema waziwazi hata kwenye mikutano. Alipotimiza miezi 6 nilimpa uji mwepesi kama maji, mara 2 kwa siku, asubuhi kabla ya kwenda shamba na jioni niliporudi. Ghala langu mwaka huo lilijaa mahindi mpaka mlangoni. Hakuna aliyeniambia kuwa kuna shida, kwa sababu hakuugua wala hakukonda. Alikuwa mdogo tu, na kila mtu alisema amefuata ukoo.

Ndiyo maana nimeshika kazi hii.

Saa 2 na nusu

Njiani nakutana na mama kijana, jembe begani, mtoto mgongoni.

"Kamwene!"

"Kamwene, dada. Najua ni siku ya kupima. Nimalizie tuta moja la kinyungu, nije."

Kinyungu ni bustani ya bondeni tunayolima wakati huu wa kiangazi kwa unyevu unaobaki ardhini. Ukichelewa kupanda, umeshapoteza. Simlaumu hata kidogo. Kwa kawaida hufika bondeni kabla ya jua, hurudi jioni, katikati ya hapo hakuna mtu wa kumpikia mtoto wake mlo wa saa 4 wala wa saa 9. Nimemwomba aje hata saa 6, nitamsubiri. Alikuja.

Watu wa mbali wakisikia kwetu kuna udumavu wanadhani kuna njaa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka 5 Tanzania wamedumaa. Iringa ilikuwa karibu asilimia 57, Njombe asilimia 50, Rukwa nayo karibu asilimia 50. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi! Mahindi yetu, viazi vyetu na maparachichi yetu hupakiwa kwenye malori kila siku. Mimi miaka yote hii sijaingia nyumba isiyo na chakula kabisa. Nimeingia nyingi zisizo na mtu mwenye nafasi ya kukitengeneza kiwe cha mtoto, na kukaa naye akila.

Saa 3 na nusu

Ofisi ya kijiji imejaa kanga na vitenge. Nesi wa zahanati amekuja na matone ya vitamini A, kwa kuwa Juni na Desemba ndiyo miezi yake. Kidonge cha bluu ni cha mtoto wa miezi 6 hadi 11, chekundu cha mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5. Anakata ncha kwa mkasi, anaminya, mtoto anakunja uso, basi.

Kazi yangu ni vipimo. Uzito ni rahisi, urefu ndio unaotaka subira. Mtoto wa chini ya miaka 2 analazwa kwenye ubao, mwenzangu anashika kichwa kiguse mbao, mimi nanyoosha magoti taratibu na kusogeza kibao mpaka kwenye nyayo. Akikunja goti moja kipimo kimeharibika, naanza upya.

Halafu utepe wa rangi 3, unaoonyesha kama mtoto ana utapiamlo kwa unene wa mkono wake. Unazungushwa mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, usikaze wala usilegeze. Kijani ni sentimita 12.5 kwenda juu, huyo yuko salama. Njano ni kuanzia 11.5 mpaka chini ya 12.5, utapiamlo wa kadiri. Chini ya 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali, na huyo anakwenda kwenye matibabu siku hiyo hiyo. Nabonyeza pia nyayo zote mbili kwa dole gumba, nahesabu taratibu, naangalia kama kishimo kimebaki, maana huo ni uvimbe wa utapiamlo mkali.

Leo nimepima watoto 43. Hakuna mwekundu, namshukuru Mungu. Mmoja ni wa njano: wa kiume, miezi 14, utepe unasoma 12.1. Mama yake ananiangalia usoni kabla hata sijasema. Nesi amemwandikia arudi zahanati, nami nimemwambia nitapita kwao leo leo.

Saa 5

Sasa sufuria. Mikono kwanza, kila mmoja kwenye kibuyu chirizi, kwa sabuni. Kila mama amekuja na alichonacho: viazi mviringo, karoti, chainizi, mayai 3, maparachichi yaliyokataliwa na wanunuzi kwa kuwa yana alama kwenye ganda, na usipa mkavu kutoka Ziwa Nyasa. Hatununui chochote. Nalisisitiza hilo kila mara, maana mama akishaamini kuwa chakula bora ni cha dukani, anauza yai akanunue biskuti.

Viazi vinachemshwa na karoti. Maharage yangu tunayaponda na kuyachuja maganda. Chainizi inakatwa nyembamba na kutiwa mwishoni, isikae motoni muda mrefu. Usipa tumeukaanga bila mafuta, tumeutoa vichwa, tumeutwanga na kuuchekecha ukawa unga wa rangi ya majivu. Kijiko kimoja kinaingia. Tunaponda vyote pamoja, na parachichi inafuata wakati sufuria imeshateremshwa. Hiyo ndiyo mafuta yetu.

Naomba mama mmoja achote uji aliokuja nao kutoka nyumbani. Nainamisha kijiko. Uji unamwagika wote kwa mara moja, kama chai. Naosha kijiko, nachota chakula tulichopika, nainamisha vile vile. Kinabaki, halafu kinaanguka polepole, fungu zima. Kina mama wananyamaza.

"Tumbo la mtoto wa miezi 8 linabeba kama mililita 200 kwa mlo," nawaambia, na kunyanyua kikombe. "Ukilijaza maji, chakula kitakaa wapi?"

Mama mmoja anauliza, mtoto akikataa kizito? Swali zuri. Wengi wetu tulizoea kumkaba: mtoto analazwa mapajani, pua inabanwa, uji unamiminwa. Mtoto anaweza kupaliwa, na anajifunza kuwa kula ni vita. Nikamkalisha binti wa miezi 10 mapajani mwa mama yake, uso kwa uso na mimi. Kijiko kidogo. Nikasubiri. Alikitazama kijiko, akanitazama mimi, akashika kwa mkono wake mwenyewe, kikamwagika nusu kifuani. Nikasubiri tena. Cha 3 alifungua kinywa kabla hakijafika. Dakika 20 zilipita na bakuli likawa tupu, na hizo dakika 20 ndizo ngumu kupatikana kijijini kuliko mayai.

Waliuliza pia kuhusu chai. Asubuhi za baridi watoto wetu wanapewa chai ya rangi na sukari nyingi, na kwa kweli inapasha mwili joto. Lakini chai ikinywewa na chakula inazuia mwili kuchukua madini chuma ya kwenye maharage na mboga, na watoto wenye upungufu wa damu tunao. Maziwa ya moto au uji vinapasha mwili joto vile vile.

Saa 8 mchana

Ripoti, rejesta, kurudisha ubao zahanati. Nimekula kiazi nikitembea.

Saa 9 na nusu

Nyumbani kwa mtoto wa njano. Mama yake ameshateremka bondeni. Bibi yupo kibarazani, mtoto amekaa kwenye gunia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu, karibu."

Naona magunia ya mahindi, magunia ya viazi, kuku 6 wakiparua uani. Nauliza mtoto amekula nini tangu asubuhi. Chai, kiazi, halafu ugali wa jana kwa mchuzi. Mayai? Yanauzwa, ya sabuni na chumvi.

"Mjukuu wangu, sisi tulikula ugali tukakua," bibi ananiambia, bila ubaya.

Sibishani na bibi. Namuuliza, ugali huo mlikuwa mkila na nini? Anafikiri. Anaanza kuhesabu kwa vidole: uyoga, kumbikumbi, majani ya maboga yaliyopondwa na karanga, maharage, matunda ya porini wakichunga mbuzi. Mahindi yalitwangwa, hayakukobolewa yakawa meupe. Vidole vya mkono mmoja vikaisha akahamia wa pili, halafu akacheka na kusema, "Kumbe tulikuwa tunakula!" Nilimwomba yeye ndiye awe mpishi wa mlo wa saa 4 na wa saa 9, kwa kuwa yupo nyumbani na anajua kupika kuliko sisi sote. Mtoto wa umri huu anahitaji milo 3 au 4 na asusa katikati, kila mlo karibu bakuli la mililita 250, na maziwa ya mama yaendelee.

Baba alifika na baiskeli tukiwa tunamalizia. Huwa nafurahi nikimkuta baba. Mara nyingi kina baba hawaitwi kabisa kwenye habari za lishe, halafu tunashangaa kwa nini hawajui. Nikamwonyesha utepe, nikamwacha auzungushe yeye mwenyewe kwenye mkono wa mwanawe. Aliutazama ule mstari wa njano muda mrefu.

"Daktari, kwani nifanye nini?" Huniita daktari, nimeshamwambia mara nyingi mimi si daktari.

Nikamwambia mambo 2 tu, kwa sababu nikimwambia 10 hatafanya hata moja. Yai moja kila siku la mtoto lisiende sokoni. Na jioni mama akirudi kutoka kinyungu akiwa amechoka, yeye ndiye amlishe mtoto, mpaka bakuli liishe. Hakujibu haraka. Bibi ndiye aliyesema, "Atafanya."

Saa 1 usiku

Kwetu tumekula wote kwenye mkeka mmoja, ila wadogo kila mmoja na sahani yake. Mtoto mdogo akila sinia moja na wakubwa anashindwa mbio, na huwezi kujua amekula kiasi gani. Ugali, maharage, chainizi, kipande cha parachichi. Kitinda mimba alipanga majani ukingoni kama kawaida. Mawili hayakufika ukingoni.

Saa 2 na nusu usiku

Nikiwa naloweka maharage ya kesho simu inaita. Ni yule baba.

"Daktari, samahani kwa usiku. Hili yai, anakula kiini tu au na ule weupe?"

"Lote, kaka. Lichemke mpaka ligande vizuri, uliponde, uchanganye na kiazi."

"Sawa. Subiri kwanza, usikate." Nikasikia mfuniko wa sufuria ukifunuliwa.