Hopa iliyojaa haisukumi mahindi

Msimu wa mavuno mashine yetu ya kusaga haikosi mteja mwenye ushauri. "Kaka, jaza mpaka juu, uzito utayasukuma." Sibishani, foleni ndefu. Ila mahindi si maji. Tangi la maji likijaa, bomba linatoa kwa nguvu. Hopa, yaani chombo cha juu ya mashine kinachomwagiwa mahindi, ijae au ibaki nusu, inashusha kwa kasi karibu ileile.

Mwaka 1895 mhandisi Mjerumani, Janssen, alipima nafaka kwenye maghala madogo ya majaribio, akaona uzito unaofika sakafuni unaongezeka mpaka kiwango fulani, kisha basi. Unaozidi unabebwa na kuta, kwa kuwa punje zimeegemeana, zinasukumana kando, na msuguano unazishika ukutani.

Kwa hiyo mambo yote yako mdomoni mwa hopa, kule chini mahindi yanakotokea. Punje chache zikibanana pale zinajenga tao, kama abiria wanaogombea mlango wa daladala: wote wanataka kuingia, haingii hata mmoja. Ukisukuma kwa juu ndiyo kwanza unalikaza. Mimi nagonga ubavu wa hopa, chini kabisa, kwa nyundo ya mpira. Punje moja ikiteleza, mzigo wote unashuka kwa kishindo. Mahindi makavu yakipewa uwazi wa upana wa punje sita hivi, mara nyingi yanapita. Yenye unyevu na vipande vya magunzi, hata hapo yananuna.

Kuna na suala la debe, ambalo wanunuzi wanalijua kuliko mainjinia. Mjanja analitikisa, analipigapiga chini, mahindi yanazama vidole viwili, anadai ujazilizie. Hakuna punje iliyopotea. Zimejipanga upya, hewa katikati yake imepungua. Mhandisi wa Uingereza, Osborne Reynolds, alilieleza hilo mwaka 1885: punje zilizoshikamana hivyo haziwezi kusogea bila rundo kutanuka kwanza, maana kila moja inabidi ipande juu ya jirani yake ipate njia.

Hopani ni hayohayo. Jaza huku kijilango cha mdomoni kimefungwa, injini iitikise fremu kwa muda, halafu fungua: hakitoki kitu. Ndiyo maana simwagi mahindi mpaka nyundo za kusagia ndani ya mashine zishike kasi, wateja wanune wasinune. Na kijilango chenyewe kina ugomvi wake: nikikibana sana, tao, nikikiachia sana, nyundo zinaelemewa, injini inazima, na chumba cha kusagia kimejaa mahindi ya kuchota kwa mkono.