Jumamosi ya Saksafoni Kamukunji

Juzi nilikuwa barabara ya Luthuli, Nairobi, nimesimama mbele ya kibanda cha fundi wa simu nikingoja anibadilishie sehemu ya kuchajia, moshi wa risasi ya kulehemu ukanipanda puani. Ule moshi mwembamba wenye harufu ya utomvu ulioungua. Fundi akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa, nimekumbuka saksafoni. Akanitazama mara moja, akarudi kwenye kazi yake.

Wale mliokuwa nasi enzi nilipofundisha watoto muziki kwenye ukumbi wa kanisa mnajua ninachosema. Mtaa wa Korogocho walikuwa na kikundi chao cha muziki, Ghetto Classics, tangu 2008, watoto wenye fidla na tarumbeta. Sisi tulikuwa na ngoma, filimbi za plastiki za kutosha kumtia mtu wazimu, kinanda kilichokufa sauti za katikati, na saksafoni moja ya alto iliyoletwa kutoka Ulaya ikiwa imeviringishwa blanketi. Watoto waliipokezana. Kinachoanzisha sauti ni kile kipande cha mwanzi kinachofungwa mahali pa kutia mdomo, na sheria ilikuwa kwamba ukimaliza unakisuuza kwenye kikombe cha maji kabla ya kumpa mwenzako. Wengine walisuuza.

Nami nilikuwa na mazoea ya kuwasimulia habari za Manu Dibango, mpiga saksafoni wa Cameroon. Niliamini, na bado naamini kidogo, kwamba mtoto hupuliza kwa moyo zaidi akijua kuna aliyemtangulia. Kwa hiyo walizijua zote. Kwamba alizaliwa Douala mwaka 1933. Kwamba mwaka 1949, akiwa na miaka 15, alipandishwa meli kwenda Ufaransa kusoma, na mzigoni mwake mna kilo tatu za kahawa za kuwalipa wenyeji wake, maana vita vilikuwa vimeisha juzijuzi na kahawa kule ilikuwa adimu. Saksafoni aliikuta hukohuko. Baadaye akaanguka mtihani na baba yake akakata pesa za matumizi. Hapo nilipapita haraka kukiwa na mzazi ukumbini. Akaenda Brussels, akakutana na Joseph Kabasele, mwimbaji wa rumba wa Kongo, akapiga na bendi yake ya African Jazz, ndiyo maana wazee wetu wapenda rumba huenda walishamsikia kabla hawajalijua jina lake.

Halafu ikaja 1972. Cameroon wanaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika, anatakiwa atoe wimbo wa mashindano. Akautoa, na upande wa pili wa santuri akaweka kitu chake mwenyewe, "Soul Makossa". Timu ilimaliza ya tatu. Upande wa pili ukafika New York, ma-DJ wakaugombania, na miaka kumi baadaye Michael Jackson akakitumia kile kiitikio cha "mama-ko mama-sa" kwenye albamu ya Thriller bila kumwomba ruhusa mwenyewe. Wakaja kumalizana kwa mawakili na pesa.

Hadithi nzuri, na mimi naisimulia vizuri. Basi siku moja nimefika mwisho, nikauliza nani ana swali. Akainua mkono Dogo, ambaye ndiye aliyekuwa akibeba saksafoni kuirudisha kabatini.

"Ticha, hizo kilo tatu zilikuwa pesa ngapi?"

Nikamwambia sijui.

"Kwa sababu shosho yangu anachuna kahawa Murang'a kila msimu, na hajafika hata Mombasa."

Watoto wakacheka. Mimi nikatoa filimbi.

Sasa, Jumamosi yenyewe. Benchi lilianguka, likaipata saksafoni ubavuni. Haikupondeka, ila kale kanguzo kadogo kanakoshikilia vyuma vya funguo kaling'oka, na funguo za chini zote zikawa zinaning'inia. Duka moja la mjini likanitajia bei ya kutengeneza. Nikashukuru, nikatoka. Dogo, aliyekuwa ameishika kifuani muda wote, akasema, "Si tuipeleke Kamukunji, kwa mafundi wa bati?"

Ilikuwa Januari, msimu wa masanduku ya shule. Kama hujapita Kamukunji Januari siwezi kukusaidia. Nyundo mia kwa wakati mmoja, kila moja na bati lake. Tukaelekezwa kwa mzee mmoja wa sufuria na karai. Akaipokea saksafoni, akaigeuza, akaipima uzito mkononi.

"Hii shaba ni safi," akasema. "Kwa kilo unapata kitu."

"Hatuuzi, mzee."

"Nimesema tu."

Akamwambia Dogo afungue kila kitu kilicho karibu na mahali pa kuchomea, kwa sababu moto hauchagui, utaunguza pedi, ile ngozi iliyo ndani ya vifuniko, na utaviangusha hata vinguzo vya jirani. Dogo akashika bisibisi ndogo. Kila alichofungua alikipanga juu ya katoni, kwa mstari, kwa jinsi kilivyotoka. Hakuna aliyemfundisha hilo. Mzee alimwona, hakusema neno. Akakwangua pale palipong'oka mpaka shaba ikang'aa, akapaka dawa, akatoa chuma chake kwenye jiko la makaa, akagusa. Risasi ikasimama kama tone, halafu ghafla ikalala na kutambaa yenyewe kuzunguka nguzo. Dogo akainama apulize ipoe.

"Usipulize!" mzee akamfokea. "Ikitikisika kabla haijashika, kesho inang'oka tena."

Tukangoja. Dogo akarudisha vyuma vyote kwa kufuata mstari wake. Akapuliza. Ikatoka sauti ya juu vizuri, lakini kila alipoteremka chini ikawa ni upepo mtupu na mkwaruzo.

"Inavuja," mzee akasema. "Sufuria ikivuja tunainua juani, tunachungulia tundu. Lakini hii ina matundu kila mahali, na imepinda."

Dogo akakaa kimya. Kisha akatoa mfukoni kitochi cha kuning'iniza kwenye funguo za nyumba, vile vya kuuzwa na wachuuzi kwenye matatu, akakifunga uzi, akakiteremsha ndani ya saksafoni kupitia shingoni. Akafunga vifuniko vyote kwa vidole. Akatazama huku na huku, akavuta gunia lililokuwa limefunika makaa, akajifunika kichwa, yeye na saksafoni pamoja.

Miguu yake tu ndiyo ilionekana. Akakaa humo mpaka nikaanza kuona aibu kwa wapita njia.

"Ticha. Njoo."

Nikaingia. Vumbi la makaa, joto, jasho la mtoto. Mwanzoni sikuona kitu. Kisha nikaona: pembeni mwa kifuniko kimoja, karibu na kidole chake kidogo, uzi wa mwanga, mwembamba, uliopinda nusu duara. Akikaza kidole unapungua. Akilegeza unarudi. Alikuwa akikaza na kulegeza, akikaza na kulegeza, wala hakunitazama. Mzee naye akaingiza kichwa. Vichwa vitatu havienei gunia moja, nikatoka mimi. Wakabaki humo wawili wakibishana kama ni ngozi iliyoisha au ni kifuniko kilichopinda.

Ilikuwa ngozi. Kipande kikapatikana kwa fundi viatu wa jirani, kikakatwa duara, kikabandikwa. Dogo akapuliza, sauti ya chini ikaja, nzito, akajaribu ile sehemu ya Makossa, au kitu kilicho jirani nayo. Hakuna aliyesimamisha nyundo. Kijana mmoja wa masanduku aliuliza kama tunapiga matangani na tunachukua ngapi. Mzee akatutoza, tukapanda matatu.

Dogo aliendelea kupiga kwa muda, akawa mpigaji wa wastani, kisha akaacha. Lakini akaanza kuja ukumbini siku ambazo si za mazoezi, kufungua vitu. Kile kinanda alikifufua sauti tatu. Nyingine alizimaliza kabisa. Leo anatengeneza ala za bendi za shule na za makanisa, ana chumba chake Eastlands, na pazia jeusi.

Tarehe 24 Machi 2020, siku chache kabla ya kafyu, Dibango alifariki huko Ufaransa kwa korona. Usiku ule simu yangu ikaingia ujumbe kutoka kwa Dogo: "Ticha yule wa kahawa ametuacha." Nilikaa na ujumbe ule. Miaka yote ya Kabasele na New York na mahakama, na kilichobaki ni kahawa. Pengine hiyo ndiyo sehemu iliyokuwa yake tangu mwanzo. Pengine nilikuwa nasimulia vibaya.

Kuna mgeni mmoja mfadhili aliwahi kuniuliza kati ya watoto wetu ni wangapi wanaishi kwa muziki. Nikamhesabu Dogo. Usiku nikamwondoa, maana hapigi. Asubuhi nikamrudisha. Na nikishamrudisha sijui sifa niipeleke wapi, kwa Manu Dibango, kwa mzee wa sufuria, au kwa benchi.

Mwezi uliopita nilimpelekea klarineti ya mtoto wa dada yangu. Akavuta pazia, akaniacha nje. Alipotoka akaifuta kwa kitambaa, akaiweka mezani.

"Kazi ni mia nane, Ticha. Pedi ni pesa tofauti."

"Hata kwangu?"

"Kwako ndiyo mia nane."