Makosa ya Mwendelezo katika Filamu ya Wezi wa Magari

Nimeitazama tena Gone in 60 Seconds ya mwaka 1974, ambayo H. B. Halicki aliiandika, akaiongoza na kuigiza mwenyewe kama kiongozi wa genge la wezi wa magari huko California, na safari hii macho yangu yalilifuata gari kuliko watu. Mustang ya njano iitwayo Eleanor hutajwa kuwa ya mwaka 1973, ilhali ni ya mwaka 1971 iliyobadilishwa sura. Yalitumika magari mawili, moja la matukio ya hatari na jingine la kupigwa picha likiwa zima. Kosa maarufu zaidi la mwendelezo, yaani picha zinazofuatana kutolingana, liko katika filamu nyingine, Bullitt ya mwaka 1968, ambamo gari moja la Volkswagen la kijani hupitwa mara kadhaa katika ufukuzanaji uleule, kwa kuwa tukio moja lilirudiwa kutoka pembe tofauti. Binafsi nayasamehe makosa hayo bila kusita. Halicki aliharibu magari 93, ufukuzanaji wake huchukua takriban dakika 40, na pale anapogonga nguzo ya taa barabarani, hiyo ilikuwa ajali halisi ambayo aliamua kuiacha ndani ya filamu.