Tope la Mikokoni na Somo la Viumbe Hai

Kitabu cha sayansi cha shule ya msingi humwonyesha mtoto mchoro wa mmea wa maharage, kisha humweleza kwamba kazi ya mzizi ni kuushikilia mmea ardhini na kufyonza maji pamoja na madini. Maelezo hayo ni sahihi. Hata hivyo, kwa mtoto anayekulia katika vijiji vya pwani ya Tanga hayatoshelezi, kwa kuwa hatua chache kutoka nyumbani kwao upo mti ambao sehemu ya mizizi yake huchomoza kutoka topeni na kuelekea juu. Ninafundisha katika shule iliyo karibu na msitu wa mikoko, na ninaamini kwa dhati kwamba somo la viumbe hai linapaswa kuanzia huko, kabla kitabu hakijafunguliwa, kwa sababu mchoro hauwezi kuhojiwa, lakini mti unaweza.

Mti ninaouanzia ni mchu, mmojawapo wa miti ya mikoko. Kulizunguka shina lake husimama vijizizi vingi vyembamba, mfano wa penseli zilizochomekwa ardhini, na mtoto anapoviona baada ya kukariri kazi za mzizi hushindwa kuvieleza. Hapo simpi jibu. Ninamwomba achimbe tope kwa kijiti, alinuse na aangalie rangi yake. Chini ya tabaka jembamba la juu, tope ni jeusi na linanuka kama yai viza, kwa kuwa humo hamna oksijeni, na vijidudu vinavyoishi bila hewa hutoa gesi yenye harufu hiyo. Mtoto aliyekwisha kunusa hali hiyo huweza kufika mwenyewe kwenye wazo kwamba mzizi nao unapumua, na kwamba mti usiopata hewa chini ya ardhi hauna budi kuitafuta juu yake. Baada ya hapo ndipo ninapowaonyesha vitundu vidogo kwenye maganda ya vijizizi hivyo, ambamo hewa hupita.

Jani la mchu nalo linatupatia somo zima. Mti huu hufyonza maji ya bahari, na sehemu ya chumvi iliyomo huitoa kupitia majani, kiasi kwamba siku ya jua kali bila mvua unaweza kuona punje nyeupe zikimetameta juu yake. Wanafunzi husuuza majani hayo kwa maji ya mvua katika bakuli, huyaacha maji yakauke juani, kisha hukuta ukoko wa chumvi umebaki. Wengi wao wanayafahamu mashamba ya chumvi ya pwani yetu, kwa hiyo mvukizo hawaufundishwi upya, bali wanautambua mahali pengine. Tukifanya hivyo hivyo kwa majani ya mkoko wenyewe, ule wenye mizizi ya upinde, chumvi inayopatikana ni haba, kwa kuwa mti huo huizuia sehemu kubwa ya chumvi kwenye mizizi. Miti miwili iliyosimama katika maji yale yale imeitatua shida moja kwa njia mbili. Sijaona namna bora ya kumfundisha mtoto wa miaka kumi maana ya kiumbe kuyamudu mazingira yake.

Lakini mjadala mkali kuliko yote huletwa na yule samaki mdogo arukaye juu ya tope, mwenye macho yaliyotokeza kichwani. Kila mwaka darasa hugawanyika. Mmoja husema, "Mwalimu, huyu ni chura, mbona anaruka?" na mwenzake humjibu kwamba chura hana mapezi. Mabishano hayo ninayaacha yaendelee kwa muda mrefu kuliko ratiba inavyoruhusu, kwa sababu ndiyo sayansi yenyewe: kila upande unalazimika kutaja alama unayoitegemea, na wenzao wanalazimika kuitazama. Anaruka, ndiyo, lakini panzi naye anaruka. Anakaa nje ya maji, lakini kaa naye anakaa nje ya maji. Hatimaye hubaki alama zisizopingika: ana mapezi, ya mbele akiyatumia kujikokota, ana mkia wenye pezi hadi utu uzima, tofauti na chura ambaye mkia wa kiluwiluwi humtoka, tena ana matamvua, ambayo huyahifadhia maji anapotoka nchi kavu, huku akipumua pia kupitia ngozi yake iliyo mbichi. Tunapowatazama kwa utulivu tukiwa mbali kidogo, watoto huona pia jinsi anavyobingirika kwenye kidimbwi ili ngozi isikauke, na hapo huelewa kwamba tabia hiyo ni sharti la uhai wake.

Kwa upande wa muda, pwani yetu imetujalia. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa mno karibu na saa nne asubuhi, wakati ambao wanafunzi wako shuleni. Siku za maji mafu, yaani maji yasipopwa sana, hatuendi. Wazee wavuvi na akina mama waokota chaza hutuambia mapema siku ipi inafaa, nami huwaalika waandamane nasi, kwani majina ya miti, matumizi yake na mahali penye tope la kuzama wanayajua kuliko mimi. Mwalimu asiyetaka kujifunza kwa wazazi wa wanafunzi wake anajinyima maktaba kubwa.

Ninasisitiza kwamba safari bila swali ni matembezi tu. Kila kundi hubeba vijiti vinne vya mita moja, huunda mraba, na huhesabu mashimo ya kaa na vijizizi katika sehemu tatu, kuanzia ukingo wa nchi kavu hadi karibu na maji, kisha huandika jedwali na kulijadili darasani. Hatung'oi mche wala kukata tawi, kwa kuwa mikoko ni misitu inayolindwa kisheria. Viatu ni lazima, na hakuna mtoto anayetembea peke yake.

Wenzangu wa bara huniambia kwamba hawana bahari. Wana kichuguu, wana mwembe wenye majimoto, wale sisimizi walioshona majani kuwa viota, wana dimbwi la masika lenye viluwiluwi, na kila kimoja kinabeba swali la wiki nzima. Tunachokihitaji sote ni ratiba inayoruhusu vipindi viwili vya sayansi kuunganishwa asubuhi moja, pamoja na maswali ya mtihani yanayomtaka mtoto aeleze alichokiona na sababu zake, kwa maana swali linalodai orodha ya kazi za mzizi pekee litaendelea kumrudisha mwalimu ubaoni hata kama mchu umesimama dirishani.