Siku moja maishani mwangu: nafundisha infraredi, spektra upande huu na molekuli upande ule

Saa 12 asubuhi
Somo langu ni infraredi, mwanga usioonekana ambao molekuli huumeza na kutikisika; spektra ni grafu ya mwanga uliomezwa, na piki ni vilele vyake. Kabla hata ya chai nafungua laptopu, usiku niliiacha inapiga hesabu kwa GAMESS, ile programu ya bure ya kukokotoa jinsi molekuli inavyotikisika, na asetoni ishamaliza. Ina atomu 10, kwa hiyo mitikisiko ni 24 (10 mara 3, toa 6), na kila mmoja una namba yake, yaani mawimbi mangapi ya mwanga yanaingia kwenye sentimita moja. Ule wa kaboni na oksijeni umetoka karibu na 1800 wakati mashine ya maabara inasoma 1715. Ndo kawaida ya hesabu hizi, zinachukulia bondi (kiungo cha atomu na atomu) kama springi isiyobadilika hata uivute vipi, so namba zinapanda, watu wanazidisha kwa kama 0.96 ndo zinashuka. Halafu asetoni ya kwenye hesabu iko peke yake, ya maabara ni kimiminika, imebanwa na wenzake. Hili nawaambia wanafunzi mapema kabisa, maana wakiona namba mbili hazilingani wanaamua moja ni ya uongo.

Saa 2 asubuhi
Maabara. "Shikamoo mzee." "Marahaba madam, mashine ishapata moto." Mzee wetu wa maabara huwa hanichelewishi hata siku moja. Tunaanza kusoma hewa tupu bila sampuli, na mwanafunzi mmoja kainama pale pale kwenye mashine akipumua, mara piki mbili zilizoshikana zikachomoza karibu na 2350. Kashtuka, "madam nimeharibu?" Hapana mwanangu, hiyo ni kaboni dayoksaidi ya pumzi yako, na mchana tutaiona ikicheza. Nikaihifadhi ile spektra kabla hatujasafisha na kusoma upya, kisha tone la asetoni, dakika moja imeisha.

Saa 4
Hapa ndo kazi yenyewe ilipo na hakuna anayeiona. Spektra natoa kwenye mashine kama faili la JCAMP-DX, mfumo uliotangazwa 1988, na uzuri wake ni maandishi matupu, unalifungua kwa Notepad unaona kichwa cha habari, unaona mstari wa XUNITS umeandikwa 1/CM, yaani kwa kila sentimita, kisha namba zinashuka tu. Mle ndani naongeza mistari yangu: kutoka namba hii mpaka ile ni piki fulani, na piki hiyo ni ya mtikisiko fulani wa modeli, ile molekuli iliyotoka kwenye hesabu ya GAMESS. Bila mistari hiyo unabaki na picha mbili zilizokaa jirani ambazo hazijuani. Grafu inaoneshwa na JSpecView, iliyoanzia Chuo Kikuu cha West Indies, Mona, kule Jamaika, na molekuli inaoneshwa na JSmol, ambayo inafunguka kwenye browza bila Java, hata kwenye simu ya mwanafunzi. Jamaika ni nchi ndogo na imetupa sisi walimu kitu kikubwa mno, nawashukuru kwa moyo wote.

Saa 6 mchana
Darasa. Miaka yote infraredi imefundishwa kwa jedwali, kariri 1715 kabonili (kaboni na oksijeni), kariri 3300 hidroksili (oksijeni na haidrojeni, O–H), mtihani ukiisha vyote vimeyeyuka. Leo nabofya piki ya 1715 kwenye projekta na asetoni pembeni inaanza kutikisika, kaboni na oksijeni zinavutana na kuachiana, methili mbili (kaboni yenye haidrojeni tatu) zimetulia karibu kabisa. Nabofya karibu na 1220, sasa ni mifupa ya kaboni inayocheza. Darasa zima kimya, wanaangalia.

Kisha kaboni dayoksaidi. Atomu 3 zilizonyooka, mitikisiko 4 (3 mara 3, ila molekuli iliyonyooka unatoa 5, si 6). Wa 2349 una piki, ile ya pumzi ya asubuhi. Ya kujipinda iko miwili, yote 667, kwa hiyo piki moja. Nikachagua ule uliobaki kwenye orodha, oksijeni zote mbili zinatoka nje pamoja na kurudi pamoja, na binti wa mbele akauliza nilichokuwa nasubiri: "Madam, mbona hii inacheza lakini kwenye grafu hamna kitu?" Nikawaambia waangalie chaji. Kinachovutwa kulia ni sawa na kinachovutwa kushoto, dipoli (tofauti ya chaji kati ya upande mmoja na mwingine) inabaki sifuri muda wote, infraredi haina pa kushika. Naitrojeni na oksijeni ni hivyo hivyo, ndo maana hewa kavu ambayo karibu asilimia 99 ni hizo mbili inapitisha joto la ardhi bila shida, halafu kaboni dayoksaidi chache iliyomo ndo inalizuia. Hapo kengele ya kipindi ikalia na hakuna aliyenyanyuka.

Saa 8
Wali maharage, fasta.

Saa 10 jioni
Wanafunzi watatu ofisini, wanataka kubofya wenyewe. Nawaachia kompyuta. Nimeona anayebofya mwenyewe anauliza maswali bora kuliko anayeangalia ukutani.

Saa 3 usiku
Naandaa asidi ya ethanoiki, ile ya kwenye siki, kwa ajili ya wiki ijayo na hii ina mtego. Kwenye kimiminika molekuli zinashikana mbili mbili kwa bondi za haidrojeni (haidrojeni ya moja inavutwa na oksijeni ya mwenzake), ndo maana O–H yake ni pana hivyo, kutoka 2500 mpaka 3300. Nikiweka modeli ya molekuli moja, O–H inatoka piki nyembamba juu ya 3500 na grafu inabaki haina mwenzake. Kwa hiyo nachora jozi nzima, atomu 16, mitikisiko 42. Hesabu nishaiwasha, ikimaliza link naitupia kwenye grupu la darasa.